Maziwa Yasiyo na Mtoto

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Hawakukosea. Lakini mtu akiwa gizani hakai kimya. Hupapasa, na kila anachokishika hukipa jina, na jina hilo laweza kumwumiza mwenzake miaka na mikaka. Leo nataka kuandika juu ya jina moja la namna hiyo, nalo ni "tasa". Nataka pia kuandika juu ya kitezi kidogo kama punje ya njegere kilichoko chini ya ubongo wa kila mmoja wetu, ambacho watu hawakiulizi neno kabla ya kumpa mtu jina hilo.

Huenda ukauliza, mbona mambo ya Bayolojia yameingia katika gazeti la Chama cha Kiswahili? Si kuna Chama cha Sayansi? Jibu langu ni fupi. Mtu ninayetaka kumweleza alihukumiwa kwa Kiswahili, pale kisimani na pale dukani. Basi na atetewe kwa Kiswahili hicho hicho.

Mtu huyo ni mdogo wake mama, nasi nyumbani twamwita Mama Mdogo. Jina lake silitaji, ingawa yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kuandika. Aliniambia, "Andika mwanangu, ila usiwape watu anwani." Aliolewa akiwa na miaka ishirini na mitatu. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, mimba haikuingia. Hedhi yake, ambayo zamani ilikuja bila kukosa, ikaanza kuruka miezi, na mwisho ikakatika kabisa. Mwanzoni wakwe zake walifurahi wakidhani ni mimba, lakini wapi! Tumbo halikukua.

Kisha likatokea jambo la kushangaza zaidi. Maziwa yakaanza kumtoka. Ati maziwa, kwa mwanamke ambaye hajazaa! Akawa anafunga kitambaa kifuani chini ya leso ili yasipenye nje. Siku moja akiwa matangani yakapenya, na wanawake wawili watatu wakaona. Basi habari ikashika kama moto wa makuti. Wengine wakasema amerogwa. Wengine, na hawa ndio waliommaliza kabisa, wakasema kwamba alizaa kwa siri kabla ya kuolewa, akamtupa mtoto, na sasa maziwa yanamdai. Mavyaa yake alimwuliza mbele ya watu, "Huyo mtoto ulimweka wapi?"

Mama Mdogo alikwenda kwenye zahanati moja. Aliyempokea hakumpima damu. Alimtazama tu, akamwuliza kama ametoa mimba. Mama Mdogo alichukua mkoba wake akarudi nyumbani, na hakukanyaga hospitali tena kwa muda mrefu. Katika mwaka wa nne wa ndoa mumewe alioa mke mwingine, naye Mama Mdogo akarejea kwetu na sanduku la bati na cherehani yake. Tangu siku hiyo twalala chumba kimoja. Usiku nikisoma kwa taa, yeye hupinda nguo za watu, na mara kwa mara nilimwona akibadilisha kile kitambaa bila kusema neno.

Kilichomrudisha hospitali ni kichwa. Kilikuwa kikimwuma karibu kila siku, na mama akaona heri amfungie safari hadi hospitali moja kubwa mjini. Safari hii alimpata daktari aliyemsikiliza mpaka mwisho, hata habari ya maziwa. Walimtoa damu, wakampiga picha ya ndani ya kichwa kwa mashine. Alirudi na karatasi iliyoandikwa neno ambalo hakuna mtu nyumbani aliyelijua: prolaktini. Nyanya alidhani ni jina la dawa. Mama alidhani ni jina la ugonjwa. Mbele ya neno hilo palikuwa na nambari 140, na pembeni pakaandikwa kwamba kawaida ni chini ya 25.

Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tuna taabu zetu. Twachelewa, twanyeshewa, na jioni twakuta kazi za nyumbani zimetungoja. Lakini tuna faida moja ambayo wenzetu wa mabweni hawana. Swali la nyumbani twaweza kulibeba asubuhi hadi shuleni, na jibu tukalirudisha jioni ya siku hiyo hiyo. Kwa bahati njema tulikuwa katika mada ya uzazi. Nilinakili lile neno nyuma ya daftari, nikalibeba.

Mwalimu wetu wa Bayolojia alichora kichwa cha mtu ubaoni, akatia nukta kwa chaki nyekundu nyuma ya pua, ndani kabisa, chini ya ubongo. Hiyo ndiyo tezi ya pituitari. Uzito wake ni karibu nusu gramu. Imekaa katika kishimo cha mfupa ambacho wataalamu wa kale walikifananisha na tandiko la farasi la Waturuki. Juu yake tu iko sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Mwalimu alisema tuiwaze haipothalamasi kama mwalimu mkuu na pituitari kama kiranja. Mwalimu mkuu haendi darasani kila mara. Humnong'oneza kiranja, na kiranja ndiye anayepaza sauti, watu wote wakasikia.

Katika mambo ya uzazi mnong'ono huo hutolewa kwa vipindi. Katika nusu ya kwanza ya mwezi wa mwanamke huja karibu kila saa moja hadi saa moja na nusu. Pituitari ikisikia, hutia ndani ya damu homoni mbili ambazo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anazijua, FSH na LH. Kwa mwanamke FSH hukuza vifuko vya mayai ndani ya ovari. LH nayo hupanda ghafla kama bahari inayojaa, na yai lililokomaa likatoka. Kwa mwanamume ni homoni zizo hizo. LH huyaamsha makende yatengeneze testosteroni, na FSH husaidia kutengeneza mbegu. Wavulana walipoona kuwa na wao wamo katika habari hii walianza kucheka. Mwalimu alisema, "Chekeni mmalize, kisha tuendelee." Wakamaliza, tukaendelea.

Kipindi kilipokwisha nilimfuata Mwalimu nje na daftari langu. Sikusema ni habari ya nani. Alilisoma lile neno, akaketi kwenye ngazi, akaniambia nami niketi. Yafuatayo ndiyo aliyonieleza siku hiyo, pamoja na niliyoyasoma baadaye katika vitabu alivyoniazima.

Prolaktini ni homoni ya pituitari pia. Kazi yake inayojulikana sana ni kuyaandaa matiti na kutengeneza maziwa. Mwanamke akiwa na mimba, kiasi chake hupanda polepole hata mwisho wa mimba kikawa kama mara kumi ya kawaida. Lakini prolaktini ina tabia tofauti na nduguze. Homoni nyingi za pituitari hungoja kusukumwa ndipo zitoke. Prolaktini ni kama matatu iliyosimamishwa mteremkoni. Haihitaji kusukumwa, yataka kushikwa. Kinachoishika ni dopamini, ambayo haipothalamasi huiteremsha kwenye pituitari usiku na mchana. Dopamini ndiyo breki. Breki ikilegea, matatu yateremka.

Sasa sikiliza mambo yanavyofungamana. Prolaktini ikizidi katika damu, haipothalamasi hupunguza ule mnong'ono wake. Mnong'ono ukipungua, FSH na LH hupungua. FSH na LH zikipungua, yai halikomai wala halitoki, na hedhi huadimika au hukatika. Wakati huo huo matiti yaliyopata prolaktini nyingi yaweza kutoa maziwa bila mtoto yeyote. Kwa hiyo mambo mawili ambayo watu waliyatazama mbalimbali, yaani kukosa mimba na kutoa maziwa, yalikuwa jambo moja. Yale maziwa hayakuwa yakimdai mtoto aliyetupwa. Yalikuwa yakieleza kwa nini mtoto hakuja. Nilipolielewa hilo pale kwenye ngazi nilihisi koo limenikaba, na Mwalimu akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Kuna sababu kadhaa za prolaktini kupanda. Baadhi ya dawa huipandisha, hasa dawa kadhaa za magonjwa ya akili na nyingine za kuzuia kutapika. Tezi ya shingo ikilegea katika kazi yake, prolaktini yaweza kupanda pia. Hata wasiwasi na maumivu huipandisha kidogo, ndiyo maana kipimo kimoja wakati mwingine hurudiwa. Na mara nyingine ndani ya pituitari yenyewe huota kivimbe kinachotengeneza prolaktini bila kujali breki. Kivimbe hicho kwa kawaida si saratani. Kikiwa kikubwa chaweza kubana mishipa ya macho inayopita hapo juu, mtu akawa haoni vizuri vitu vilivyo pembeni. Cha Mama Mdogo kilikuwa cha milimita saba tu. Milimita saba, jamani! Ni kidogo kuliko kifungo cha shati langu la shule, na kiliweza kuvunja nyumba.

Alipewa vidonge vinavyoitwa kabagolini, viwili kwa wiki. Kuna na vingine vya aina hiyo, kama bromokriptini. Vidonge hivi huiga kazi ya dopamini, yaani hukaza breki. Kwa wagonjwa walio wengi hushusha prolaktini na kukipunguza kivimbe bila mtu kupasuliwa. Si dawa za kununua ovyo, ni lazima daktari afuatilie damu na hali ya mgonjwa. Baada ya wiki chache maziwa yalipungua, kisha yakakauka. Mwezi wa tatu, alfajiri moja kabla ya adhana, Mama Mdogo aliniamsha akaninong'oneza kwamba hedhi imerudi. Sisi wasichana huilalamikia hedhi kila mwezi. Sijapata kumwona mtu akiifurahia namna ile. Aliamka akapika mahamri ya nyumba nzima bila kumwambia mtu sababu.

Nilitamani kujua kwa nini nyanya na wazee wake hawakuyajua haya, nikagundua kwamba hata wataalamu hawana muda mrefu tangu wayajue. Mwaka 1928 wataalamu wawili huko Strasbourg, Ufaransa, Stricker na Grueter, walionyesha kuwa dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye pituitari huwatoa sungura maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Oscar Riddle na wenzake huko Marekani walikuwa wakichunguza njiwa, na ndio walioipa homoni hii jina la prolaktini. Njiwa? Naam, njiwa. Babu alikuwa na tundu la njiwa, na mara nyingi nimewaona wakubwa wakiwatapikia makinda kitu cheupe kama jibini. Hayo ndiyo maziwa ya njiwa, hutoka kooni mwa dume na jike vilevile, na yaletwayo na prolaktini. Lakini kwa binadamu homoni hii haikuweza kutenganishwa vizuri na homoni ya ukuaji mpaka karibu mwaka 1970. Kipimo cha damu cha kuaminika kilipatikana mwaka 1971, kwa kazi ya Henry Friesen na wenzake nchini Kanada. Nyanya alipokuwa msichana mdogo hapakuwa na daktari popote duniani ambaye angeandika ile nambari 140 kwenye karatasi.

Hata hivyo, nyanya hakuwa mjinga. Alizaa watoto saba, na kila mmoja alimpisha mwenzake kwa miaka miwili au mitatu. Huku kwetu mwanamke akishika mimba nyingine wakati mtoto angali ananyonya, watu husema wamembemenda mtoto. Nyanya alinyonyesha mchana na usiku, bila kumpa mtoto mchanga uji wala maji. Sasa najua kilichokuwa kikitendeka. Mtoto akinyonya, habari hupanda hadi ubongoni, prolaktini hupanda, ule mnong'ono wa haipothalamasi hupungua, na yai hulala. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakaafikiana kwamba mama anayenyonyesha amekingika na mimba kwa asilimia 98 akitimiza masharti matatu: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi ya mama haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo si ya kutegemewa. Tena yai laweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, kwa hiyo anayengoja aone damu kwanza aweza kushtukia mimba. Nilipomsomea nyanya hayo alitikisa kichwa akasema, "Kumbe wale wazungu walikuja kuniuliza mimi nikiwa nimelala!"

Basi homoni hii si adui. Ndiyo iliyotunyonyesha sote. Kwa mama mwenye mtoto mchanga hufunga mlango wa mimba kwa muda, ili mtoto apate nafasi yake. Kwa Mama Mdogo ilifunga mlango huo huo, ila ndani hamkuwa na mtoto.

Sasa nirudi kwenye lile neno. Katika Kiswahili tuna neno "mgumba", ambalo laweza kusemwa mume au mke. Lakini mitaani linalorushwa zaidi ni "tasa", nalo hurushiwa mwanamke. Aliyekuwa mume wa Mama Mdogo hakupimwa hata siku moja. Simlaumu sana, hakuna aliyemwambia. Lakini prolaktini iko hata kwa wanaume, na ikizidi hupunguza testosteroni, hamu na mbegu zao. Na hata tukiiacha prolaktini, wanaume wana sehemu katika karibu nusu ya matatizo yote ya kukosa mtoto. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo la kukosa kuzaa wakati fulani maishani. Katika darasa letu tuko arobaini na wanane. Piga hesabu mwenyewe, kisha tazama huku na huku.

Mama alitaka kuichukua ile karatasi aipeleke kule kwa wakwe wa zamani, waisome, waone haya. Mama Mdogo alikataa. Alisema, "Waliponisema hawakuomba karatasi." Ameiweka ndani ya sanduku lake la bati, chini ya leso zake. Hana mtoto bado, wala sitaki msomaji afikiri kuwa vidonge vimemrudishia ndoa. Ndoa imekwisha. Vidonge viwili kwa wiki vilifika miaka miwili baada yake. Akiolewa tena ataolewa, asipoolewa cherehani yake yatosha kumlisha. Yeye mwenyewe asema kinachomfurahisha zaidi ni kuwa sasa akipita dukani anajua jina la kilichompata, na wale wanaonong'ona hawalijui.

Wenzangu, miaka michache ijayo wengi wetu tutakuwa waume na wake, na wengine watakuwa wauguzi katika zahanati kama ile. Siwaombi mkumbuke FSH na LH, hizo mtazikumbuka kwa ajili ya mtihani. Nawaomba mkumbuke mambo matatu. Mwanamke ambaye hedhi yake imekatika na hana mimba, au anayetokwa maziwa bila kuwa na mtoto, apelekwe hospitali akapimwe damu. Mume na mke wakikaa mwaka mzima wakitafuta mtoto bila kufanikiwa, waende kupimwa wote wawili, siku moja, wakae benchi moja. Na yeyote atakayesema "fulani ni tasa" mbele yako, mwulize kwa upole, "Amepimwa nini, na nani?" Mimi nimeanza kuuliza swali hilo huku kijijini. Mara nyingi aliyesema hunyamaza, kisha huuliza hospitali iko wapi.